Ramani ya udongo ilianzia kwetu, lakini mkulima hakuiona

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukielekea kuisha na vumbi la Kamina likisubiri mvua, swali moja linarudi. Safari hii liliulizwa na mama mmoja aliyekimbia kwao na watoto wake. Sasa analima shamba la kuazima kando ya mji. Alinisimamisha sokoni, akasema:

«Yaya, miye nilitia mbolea ya kizungu mwaka jana. Nilinunua mufuko muzima ya ire. Mahindi ilitoka kijani, ikasimama, kisha ikabakia mifupi, majani ya chini ikakuwa nyekundu-nyekundu. Haikuzala. Ni mbolea ya uongo, ao ni udongo njo mubaya?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza wanaojua, naye akacheka kidogo, maana aliisha kusikia ahadi za namna hiyo mara nyingi. Nimeuliza, nimesoma, na hii ndiyo habari niliyopata. Ni ndefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu swali la yule mama lina zaidi ya miaka 70 katika jimbo letu.

Wengi wetu tunafikiri kupima udongo ni jambo jipya, jambo la mashirika yenye magari meupe yanayokuja na kuondoka. Si kweli. Wakati serkali ya ukoloni ilipoamua kuchora ramani ya udongo na mimea ya Kongo nzima, karatasi namba 1 ya ramani hiyo haikuwa ya Kinshasa, wala ya Kivu. Ilikuwa ya Kaniama, Haut-Lomami. Ilitoka mwaka 1955.

Lakini tuanze nyuma kidogo, na Bulamatari.

Sheria ya mazao ya lazima ilianza 1917. Mwanaume mzima wa kijiji aliamriwa kulima kipimo fulani cha shamba: pamba kwa wengi wa huku Lomami na Kasai, mpunga ao mihogo kwingine. Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, vita ya pili ya dunia ikiwa kali, siku zikapandishwa kufika 120. Aliyekosa alilipa faini ao alifungwa. Wazee wetu wanawakumbuka agronomu na moniteri waliokuja shambani na kamba. Walipima urefu na upana wa shamba. Udongo wenyewe hakuna aliyeupima.

Mahindi nayo yalitafutwa sana. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha kule Élisabethville na Jadotville, ndiyo Lubumbashi na Likasi za leo, na chakula chao kilikuwa bukari. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Ikaendelea, ikapita hapa Kamina, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambako leo ni Ilebo. Tangu hapo gunia la mahindi la Lomami lilipata njia ya kwenda migodini. Stasyo yetu, ambayo watoto wanaona imekuwapo tangu uumbaji, imezaliwa na biashara ya shaba, na mahindi yakapanda treni hiyohiyo.

Sasa fikirini: mababu walikuwa wanalima shamba miaka miwili, mitatu, kisha wanaliacha likae majani miaka mingi. Udongo ulikuwa unapumzika. Mazao ya lazima yakabadilisha hesabu hiyo. Mashamba yakavutwa karibu na barabara ili moniteri ayafikie, na pumziko likafupishwa. Mavuno yakaanza kushuka, na wakubwa wa ukoloni wenyewe wakaanza kuogopa.

Ndipo ikaja INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabeljiji, iliyoundwa Desemba 1933. Makao yake makubwa yalikuwa Yangambi, kwenye mto Kongo chini ya Kisangani. Ilikuwa na vituo sehemu nyingi, na kilicho karibu nasi zaidi kwa sifa ni Gandajika, katika Lomami ya Kasai, kwa ajili ya pamba na mahindi. Huko Gandajika, miaka ya 1930, ndiko walijaribu mpango wa «paysannat»: kila jamaa inapewa ukanda wake wa ardhi, mazao yanapangwa moja baada ya lingine, na sehemu inaachwa ipumzike kwa zamu. Mpango huo ulihitaji kujua jambo moja kwanza: ukanda huu una udongo gani? Ukimgawia mtu mchanga mtupu na jirani yake udongo mwekundu mzito, halafu ukawadai wote pamba sawasawa, umeandaa ugomvi.

Baada ya vita, Ubeljiji ulipanga mpango wa miaka kumi kwa ajili ya Kongo, 1949 hadi 1959. Kupanua paysannat kulikuwa ndani yake. Mwaka huohuo wa 1949, watafiti wawili wa INEAC, Focan, mtu wa udongo, na Mullenders, mtu wa mimea, walitoa maandishi juu ya jaribio lao la kuchora ramani ya udongo pamoja na mimea katika Haut-Lomami. Mwaka 1954 Mullenders akatoa kitabu kizima juu ya mimea ya Kaniama, kati ya mito Lubishi na Lubilash. Mwaka 1955 ikatoka ile karatasi namba 1, yenye majina yao wawili.

Kwa nini mtu wa udongo alitembea na mtu wa mimea? Hapa ndipo ninapopenda habari hii. Mzee yeyote wa kijiji angeweza kuwajibu. Ukimpeleka mzee kwenye pori asilolijua, hainami kwanza kushika udongo. Anatazama kinachoota. Miti fulani inamwambia chini kuna unyevu. Majani makali yale ya kuezekea nyumba, yakishika shamba lote, yanamwambia udongo umechoka. Kichuguu kikubwa kinamwambia pale mboga zitakubali. Watafiti wale walifanya jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa: wakaandika kila mmea, wakachimba mashimo marefu kama kaburi ili kuona rangi za udongo tabaka kwa tabaka, wakachukua udongo wa kila tabaka upelekwe kupimwa. Na mashimo ya namna hiyo, wapenzi wasomaji, hayachimbwi na bwana mwenye kofia. Waliochimba walikuwa watu wa huku, lakini juu ya ramani majina yao hayapo.

Walikuta nini? Kwa ufupi, jimbo letu si shamba moja. Juu ya uwanda mkubwa wa upande wa Kamina kuna mchanga mwingi, mwepesi kulima, maji yanapita haraka na chakula cha mmea kinapita nayo. Upande wa Kaniama kuna sehemu zenye mawe meusi mazito chini, na juu yake udongo mwekundu wenye nguvu zaidi. Ukishuka Bukama na Malemba-Nkulu, kwenye mabonde ya Lualaba na maziwa ya Upemba, unakuta udongo mweusi unaoletwa na mafuriko. Karibu kila mahali kwenye uwanda udongo ni mzee sana, umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na una uchachu.

Huo uchachu si neno la kupamba. Wataalamu wanaupima kwa kipimo wanachoita pH. 7 ni katikati. Ukishuka chini ya 5 na nusu, aluminiumu iliyo ndani ya udongo inaanza kuyeyuka na kuunguza mizizi, na fosfori, ambayo mahindi yanahitaji ili yajenge mizizi na mbegu, inanaswa na udongo. Ipo, lakini mmea hauwezi kuichukua. Ni kama mshahara uliokwama benki.

Ramani nyingine zilifuata, za sehemu nyingine za nchi, na mwaka 1960 Carl Sys akatoa ramani moja ya udongo wa Kongo yote pamoja na Ruanda-Urundi. Mwaka 1960! Mnajua wenyewe kilichofuata. Uhuru tarehe 30 Juni, Katanga kujitenga tarehe 11 Julai, na huku kaskazini watu wa Balubakat na askari wa Tshombe wakaanza kupigana. Vijiji vikachomwa. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Baluba walikuwa wamejaa kambini pembeni ya Élisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo familia zinazolala leo chini ya turubai si za kwanza. Nyumba nyingi za Kamina zina bibi aliyezaliwa njiani. Watafiti wengi wa INEAC wakarudi Ubeljiji. Ramani zilikuwa zimechapwa Bruxelles, kwa Kifaransa, na huko nakala zao zikabaki. Mkulima wa Kaniama, ambaye shamba lake lilipimwa kabla ya mashamba mengi ya Afrika, hakuambiwa matokeo.

Sisemi kazi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa kazi safi, hata leo wanasayansi wanaitumia: mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Ghent na taasisi ya ISRIC ya Uholanzi walikusanya habari za udongo wa Kongo, Rwanda na Burundi katika hazina moja ya kompyuta, na msingi wa sehemu ya Kongo ni mashimo yaleyale ya INEAC. Lakini ilipimwa ili serkali ijue pa kupanda pamba. Mwenye shamba hakuwa ndiye mwenye swali.

Wakati wa Zaire mambo yalibadilika kidogo. INEAC ikawa INERA mwaka 1970. Miaka ya 1970 ukaanza mpango wa taifa wa mahindi, PNM, na mbegu kama Kasai 1, Salongo 2 na Shaba 1 zikatoka. Wazee bado wanataja Kasai 1 kama mtu anavyotaja ng'ombe wake mzuri. Kando yake ukawepo mpango wa taifa wa mbolea, PNE, kwa msaada wa FAO. Njia yake ilikuwa rahisi na ya kiakili: badala ya kusubiri laboratwari, walipanda vipande vidogo kijijini, kimoja bila mbolea, kingine na mbolea ya aina hii, kingine ya aina ile, na mkulima anakuja kuona kwa macho yake. Ukiona kipande cha azoti peke yake hakina tofauti na kile kisicho na kitu, umejua bila pH kwamba njaa ya udongo wako ni nyingine.

Kulikuwa pia na mradi wa Nord-Shaba, upande wa Kongolo, kuanzia 1977 hadi 1986, kwa pesa za Marekani. Mavuno ya mahindi yaliyouzwa kule yaliongezeka, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa mbegu nzuri na barabara zilizotengenezwa, si mifuko ya mbolea. Ninalitaja kwa sababu kila anayekuja kutuuzia mbolea anapenda kusahau barabara. Mfuko ukisafiri juma mbili juu ya lori lililokwama matopeni, bei yake inakula faida yote kabla haujagusa shamba.

Kisha vikaja vifo vya wanafunzi Lubumbashi, Mei 1990, na Ubeljiji ukasimamisha msaada. Wamarekani nao wakaondoka. Miradi ikafa kama taa ya mafuta yaliyokwisha, polepole, kila mtu akiitazama. Vita ya 1998 ikafika Manono na Pweto, Mai-Mai wakaingia Malemba-Nkulu, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza pH. Leo kazi ya PNE imerithiwa na huduma ya taifa ya mbolea, SENAFIC. Kule Kaniama-Kasese, Service National inalima mahindi kwa trakta na vijana waliotoka hata Kinshasa. Na Raisi Tshisekedi amerudia mara nyingi neno lake kwamba udongo utalipa kisasi juu ya madini yaliyo chini yake. Ni neno zuri. Ningependa tu aongeze kwamba mtu anayekwenda kulipa kisasi hujipima nguvu kwanza.

Na wenzetu? Huko Tanganyika ya Waingereza, mwanakemia wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, milima ya Usambara, aliona jambo ambalo kila mwanamke anayepandisha kilima na ndoo ya maji analijua: udongo wa juu ya kilima, wa kiunoni na wa bondeni ni tofauti, lakini ni ndugu, wanafuatana kwa mpango uleule kilima kwa kilima. Mwaka 1935 aliupa mpango huo jina, «katena», yaani mnyororo, na jina hilo linafundishwa dunia nzima hadi leo. Mwaka 1936 ikatoka ramani ya udongo ya Afrika Mashariki. Faida yake kwetu ni moja: usichukue udongo wa bondeni ukasema umepima shamba la kilimani.

Kenya, mwaka 2014, serkali na taasisi yake ya utafiti KARI walitoa ripoti ya udongo wa sehemu zinazolima mahindi, wilaya kwa wilaya. Sehemu nyingi zilikuwa na uchachu na upungufu wa azoti na fosfori. Wakulima waliokuwa wanatia mbolea ileile miaka na miaka, kwa sababu ndiyo serkali iliyokuwa inapunguza bei, wakaambiwa wengine wao wanahitaji chokaa kabla ya kitu kingine. Burundi, tangu 2019, kiwanda cha FOMI kinachanganya mbolea ya viwandani na samadi pamoja na chokaa, kwa sababu milima yao ina ugonjwa uleule kama wetu.

India ndio waliofanya kwa ukubwa kuliko wote. Februari 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua kadi ya afya ya udongo, mkulima kwa mkulima, yenye vipimo 12: azoti, fosfori, potasi, uchachu na vingine. Mamilioni ya kadi yaligawiwa. Lakini sikieni hili: kwenye mashamba ya mvua, mfuko mmoja wa udongo ulichukuliwa kwa kila hekta 10. Katika hekta 10 kunaweza kuwa na watu kumi, mmoja ana samadi ya ng'ombe miaka yote, mwingine hana hata kuku, na wote wanapata jibu moja. Wengine wakaitundika kadi ukutani na kuendelea kama zamani. Siwalaumu. Kadi inayosema habari ya jirani yako si kadi yako.

Sasa nirudi kwa mama wa ire.

Nilimweleza hesabu hii, na ninyi wasikilizaji ishikeni. Mfuko wa ire wa kilo 50 una azoti kilo 23. Hauna fosfori hata kidogo, wala potasi. Mfuko wa 17-17-17 una kilo 8 na nusu za kila kimoja. Ule unaotoka Zambia kupitia Kasumbalesa, ulioandikwa D, 10-20-10, una kilo 5 za azoti, 10 za fosfori na 5 za potasi. Namba zilizo juu ya mfuko ndizo hizo, si mapambo. Mahindi yaliyobaki mafupi, na majani ya chini yakaelekea wekundu wa zambarau, mara nyingi yanalia njaa ya fosfori. Yeye alikuwa anayapa azoti. Mjerumani mmoja, Justus von Liebig, alilieneza neno hilo tangu 1840: mmea unakua kwa kipimo cha kile kilicho kichache kuliko vyote. Wanaofundisha huchora pipa lenye mbao zisizolingana. Mimina maji upendavyo, yatamwagikia kwenye ubao mfupi. Pesa ya yule mama ilimwagikia hapo. Mbolea yake haikuwa ya uongo. Haikuwa dawa ya ugonjwa ule.

Angejuaje? Kupima udongo kwenye laboratwari kunawezekana. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafanya utafiti wa udongo. Lakini Lubumbashi ni kama kilomita 600 kwa reli, na treni yetu mnaijua. Kwa mtu mmoja mwenye kipande cha kuazima, haiingii akilini. Kwa kikundi cha wakulima ishirini wa kilima kimoja, au ushirika wa kanisa, inaanza kuingia. Wakiamua, wafanye hivi: watembee shamba wakikata kona huku na huku, wachukue udongo pahali 15 ao 20, kina cha sentimita 20, wachanganye katika ndoo safi ya plastiki, watoe nusu kilo, waianike kivulini. Wasichukue penye majivu, penye kichuguu, karibu na choo ao pahali ng'ombe walilala. Wasitumie mfuko uliobeba mbolea, maana watapima mbolea na si udongo. Na mchanga wa uwandani usichanganywe na udongo wa bondeni; mkumbuke Milne.

Wasioweza hayo wana ile njia ya PNE. Vipande vinne, hatua tano kwa tano, mahindi ya mbegu moja, siku moja: cha kwanza bila kitu, cha pili ire tu, cha tatu D ao 17-17-17 wakati wa kupanda, cha nne D na baadaye ire. Cha tano ukipata majivu ya jikoni, yatie mengi, uone, kwa sababu majivu yanapunguza uchachu na yana potasi. Ni mbolea ya vikombe vichache tu, si mfuko mzima. Mwezi wa pili shamba lenyewe litakuwa limekujibu.

Kuhusu chokaa, kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Mawe ya chokaa yapo Kakontwe karibu na Likasi, na yapo Lubudi, kule kwenye kiwanda cha simenti. Pande zote mbili ziko kwenye reli hiihii inayopita Kamina. Kwa miaka karibu mia moja reli hiyo imebeba mahindi yetu kwenda migodini. Haijapata kurudisha chokaa kwenye mashamba kwa wingi unaostahili kutajwa.

Lakini tatizo kubwa la yule mama si chokaa. Nilipomwambia chokaa ukiitia leo inasaidia misimu kadhaa, aliniuliza swali ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha INEAC:

«Na mwenye shamba akikuja kulikamata mwaka kesho, Yaya? Chokaa nitaichimbua?»

Ndiyo hapo. Aliyehama anaazima ardhi kwa msimu, pengine kwa kumpa mwenyewe sehemu ya mavuno ao kwa kumlimia siku kadhaa. Shamba likinona, mwenyewe analirudia. Kwa hiyo aliyehama anachagua ire, kwa sababu ire inafanya kazi ndani ya juma chache na kuisha. Watu wanasema hajui mbolea. Anaijua vizuri, anahesabu miezi aliyopewa. Mpango wowote wa kupima udongo utakaokuja Haut-Lomami, uwe wa serkali ao wa shirika, ukija na mashine tu bila kukaa na machifu na wenye ardhi kuandika masikilizano ya miaka mitatu hata minne, utafanya kazi kwa wenye ardhi peke yao. Paysannat ya Wabeljiji, pamoja na mabaya yake yote na fimbo zake, ilielewa kwamba udongo na haki ya kuukalia vinapimwa pamoja.

Nilikwenda naye kwa mwenye shamba, mzee mmoja mpole, tukaketi chini ya muembe. Nilimsalimu, nikamwonyesha yale ya vipande vitano. Alisikiliza sana. Alisema babake alikuwa anasimulia juu ya Wazungu waliochimba mashimo porini kisha wakaondoka bila kupanda kitu, na kijiji kizima kilidhani wanatafuta almasi. Kisha akamwambia yule mama: «Mama, kwa misimu tatu sitakutosha. Lakini na miye nitakuja kuangalia hiyo vipande.» Hatukuandika karatasi siku ile. Nimewaomba wote wawili tuandike mbele ya chifu kabla ya kupanda, na wamekubali juma lijalo.

Vipande vimeisha kupimwa kwa kamba. Mwezi wa pili nitarudi pale, nitawaletea habari.